Stoo Yangu Nusura Initie Msiba!

HIVI wewe msomaji wangu, mara ya mwisho kuingia stoo kwako mpaka ukagusa ukuta wa nyuma ilikuwa lini? Usinidanganye! Mimi nilishafika mahali nafungua mlango kidogo tu, natupia kitu ndani, naufunga haraka kabla hakijanirudia usoni.

Chumba chenyewe ni kidogo, hatua nne kwa tatu, kwenye nyumba tunayopanga hapa Tabata. Tulipohamia, baba mtoto alitamba kwamba kitakuwa chumba cha kufulia na kupigia pasi. Pasi! Miaka sita imepita hakijapigiwa pasi hata leso.

Basi bwana, kasheshe ilikuja Jumamosi moja asubuhi. Nafua uani, mwanangu wa miaka mitatu anacheza pembeni. Mara nikashtuka, mbona kimya? Nikanyanyuka na povu mikononi. Mlango wa stoo uko wazi, mwenzangu kakaa juu ya kiroba cha mkaa kama mwenyekiti wa mtaa, kashika chupa ya soda, kizibo kakitoa kwa meno, anaipeleka mdomoni. Mle ndani mlikuwa na mafuta ya taa, yale ninayowashia mkaa!

Sijui niliruka vipi. Ninachokumbuka ni chupa kuanguka, mafuta kumwagika, na mtoto kulia kwa kunyang'anywa "soda" yake. Mimi nililia kumshinda. Na aliyetia mafuta ya taa kwenye chupa ya soda ni nani? Si dada wa kazi, maana hatuna. Ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Jirani yetu nesi alikuja mbio kwa makelele yangu. Akamnusa mdomo, akamkagua, akasema hajameza. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimeshashika kikombe cha maziwa, si unajua uswahilini dawa ya sumu zote ni maziwa. Akanipokonya. Akasema mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe na usimnyweshe maziwa, kwa sababu akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu na hapo ndipo yanapoua. Unamkimbiza hospitali hapo hapo, hata kama anaonekana mzima anacheka. Shoga, hilo likate hapo ulipo ulibandike jikoni.

Jioni baba mtoto aliporudi nikamwambia kesho stoo inatoka nje yote. Akaanza longolongo zake, mpira, uchovu, mara mwisho wa mwezi. Mfukoni tulikuwa na 30,000 za kufika nazo Ijumaa. Nikamwambia hizo hizo!

Jumapili saa moja wifi yangu kashafika na kanga kiunoni. Tukatandika turubai uani, tukaanza kutoa. Jamani! Tulikuta madumu manane, matano yamepasuka. TV ya chogo iliyokufa. Betri ya gari, na gari hatujawahi kuwa nalo. Viatu vya mguu mmoja mmoja. Kadi za michango ya harusi za watu ambao wengine wameshaachana. Furushi la mifuko ya rambo ya kabla ya Juni 1, 2019, siku serikali ilipoipiga marufuku, nimeifunga vizuri kama urithi. Unga wa mahindi unatembea wenyewe kwa fukusi. Na kwenye kona, ndani ya kiota cha panya, cheti changu cha kidato cha nne!

Hapo nilikaa chini. Kile cheti nilikitafuta mpaka nikakosa kibarua cha kaunta mwaka juzi. Kumbe kilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwangu, panya kakila kona moja. Jina na alama zipo, Mungu mkubwa.

Kazi ngumu haikuwa kufagia, ilikuwa baba mtoto. Kila kitu kwake "kitafaa siku moja". Tulibishana juu ya ile TV nusu saa nzima, majirani wakatoa vigoda. Mwisho wifi akatoa hukumu: kitu ambacho hakijaguswa tangu Idi ya mwaka jana, mwenye nacho aseme kitafanya nini wiki hii. Akishindwa, kinaondoka. TV ikashindwa. Cherehani ya marehemu mama yao, iliyoota kutu, haikuguswa pia tangu lini sijui, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Ikafutwa vumbi ikarudi ndani. Sheria nayo ina mwisho wake.

Vijana wa vyuma chakavu walipita saa tano. Betri, fremu ya baiskeli, sufuria zilizotoboka na mazagazaga mengine, wakatupa 14,000. Baba mtoto alipoona noti akaanza kutafuta vingine mwenyewe! Tairi mbili nilitaka kuzisukumia nyuma ya nyumba, wifi akanikatalia. Tairi likilala nje linatunza maji ya mvua, na mbu wa dengi anazaliana humo humo. Sisi wa Dar dengi tuliionja mwaka 2014, ikaturudia 2019. Zikaenda kwa fundi viatu, akashona kandambili.

Sasa mapambo. Kitanda chetu cha kwanza, kile tulichoanzia maisha, kilikuwa kimesimamishwa ukutani kimekatika mguu. Fundi wa mtaani akachukua mbao na chaga zake akatutengenezea shelfu la ngazi tatu na jukwaa la chini la kuwekea magunia, yasiguse sakafu na kunyonya unyevu. Alitaka 15,000, tukamalizana 10,000 na sahani ya ubwabwa. Chokaa 6,000, misumari 2,000, komeo 3,000, kamba ya manila 1,500. Piga hesabu, 22,500. Ukitoa zile za vyuma chakavu, mfukoni zimetoka 8,500 tu. Hiyo chipsi kuku haikutoshi wewe na mwenzako!

Madumu yaliyopasuka tuliyakata ubavu, yakawa droo: moja ya vibanio na sabuni, moja ya nyundo na bisibisi, moja ya nyaya za simu ambazo hatujui ni za simu gani. Ndoo za rangi zimebeba matambara na brashi. Usije ukatia unga humo, rangi si chakula. Mahindi tumeyatia kwenye mfuko ule wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ukiufunga vizuri fukusi wanakufa kwa kukosa pumzi bila dawa. Mifagio na beseni vimening'inia kwenye misumari.

Vingine tulivitoa moja kwa moja. Mtungi wa gesi ulikuwa umelazwa kwenye giza la stoo isiyo na dirisha, na gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajaa chini kimya kimya ikingoja njiti ya kiberiti. Sasa umesimama barazani kwenye upepo, mbali na mkaa. Jiki na dawa ya choo yenye asidi nimevitenganisha, kila kimoja na ngazi yake, kwa sababu vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu. Na mafuta ya taa yana dumu lake lenye maandishi, ngazi ya juu kabisa, na komeo liko juu ya mlango, mahali ambapo hata mimi nainua mkono.

Ijumaa iliyopita baba mtoto karudi kabeba feni bovu, halina kichwa, kapewa na mshikaji wake. Kafika mlango wa stoo, kasimama. Nikamwangalia tu. Wifi naye alikuwepo, akamuuliza, "Kaka, hilo litafanya nini wiki hii?"

Limelala uani siku ya tatu sasa. Vijana wa vyuma chakavu wanapita Jumapili.