Mcheza Kwao: Joe Canning na Kiu ya Galway

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii yaweza kupimwa kwa maisha ya Joe Canning, mshambuliaji wa mchezo wa halingi nchini Ayalandi, aliyecheza kwao tangu utotoni hadi alipostaafu, bila kulipwa mshahara.

Halingi ni mchezo wa kale wa Waayalandi, nao haufanani sana na mpira wa magongo uliozoeleka nchini Kenya. Kila timu huwa na wachezaji 15. Gongo lake lina bapa pana nchani, na mpira, ambao ni mdogo wa kutosha kushikwa kiganjani, huruhusiwa kupigwa ungali hewani. Lango lina umbo la herufi H. Mpira ukiingia chini ya mwamba huwa ni bao, lenye thamani ya alama tatu. Ukipita juu yake katikati ya milingoti, ni alama moja. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili: 2-15 ni mabao mawili na alama kumi na tano, yaani jumla ya alama 21.

Mchezo huu husimamiwa na chama cha GAA, kilichoasisiwa mjini Thurles mwaka 1884. Wachezaji wake ni wa ridhaa: walimu, wakulima, wanafunzi na wafanyakazi wa kila namna. Aghalabu mtu huchezea klabu ya parokia yake na kaunti yake. Haendi kununuliwa na tajiri wa mbali. Kwa hivyo, kaunti inaposhindwa, mchezaji hushindwa pamoja na jirani zake.

Septemba 1988 kaunti ya Galway ilitwaa ubingwa wa Ayalandi nzima. Mwezi uliofuata, Canning alizaliwa, akakulia Portumna, mji mdogo ulio kando ya Mto Shannon. Nyota yake iling'aa mapema. Alitwaa ubingwa wa vijana mwaka 2004 na 2005, na mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 17, aliisaidia klabu ya Portumna kuwa bingwa wa vilabu vya Ayalandi.

Mwaka 2008 alijiunga na timu ya wakubwa ya kaunti. Katika mechi dhidi ya Cork, iliyochezwa Thurles, chipukizi huyo alifunga 2-12 peke yake, yaani alama 18 kati ya 21 za Galway. Hata hivyo, Cork walipata 0-23 na kushinda. Mechi hiyo ilidhihirisha kipawa chake na mzigo wake kwa pamoja: kidole kimoja hakivunji chawa.

Miaka ikapita. Mwaka 2010 kaka yake, Ollie, beki hodari wa Galway, alistaafu kuichezea kaunti bila kuupata ubingwa huo. Mwaka 2012 Joe alisawazisha fainali kwa mkwaju wa adhabu wa dakika za mwisho, lakini Kilkenny wakashinda mechi ya marudiano. Mwaka 2015 Kilkenny waliwashinda tena katika fainali.

Agosti 2017, katika nusu fainali, Galway na Tipperary walikuwa sare katika muda wa nyongeza. Canning aliupokea mpira karibu na mstari wa kulia, akaupiga juu ya mwamba, na Galway wakashinda 0-22 kwa 1-18. Siku chache baadaye Tony Keady, mmoja wa mashujaa wa 1988, alifariki ghafla. Galway waliingia fainali wakiwa na msiba moyoni. Tarehe 3 Septemba, mbele ya watu zaidi ya 80,000 katika uwanja wa Croke Park, Dublin, waliishinda Waterford 0-26 kwa 2-17. Kiu ya kaunti, iliyomzidi Canning umri kwa mwezi mmoja tu, ikakatika. Mwaka huo aliteuliwa mchezaji bora wa halingi nchini.

Alistaafu kuichezea kaunti mwaka 2021. Tuzo ya mcheza kwao, basi, si lazima iwe fedha. Kwa Canning ilikuwa kuirudishia Galway kile ilichokipata mara ya mwisho kabla hajazaliwa.