Kwa Reki Hiyo, Sisaini

Swali lile lile limeingia tena kwenye simu yangu: “Mwalimu, tukija Jambiani Jumamosi kusafisha ufukwe, mtatusainia saa ngapi?” Anayeuliza safari hii anasoma Mjini. Aliyemtangulia alikuwa Dar es Salaam, na kabla yake mwingine aliandika kutoka Ulaya. Wote wana fomu ya kujitolea yenye safu ya saa, na wote wameshachagua kazi kabla ya kuuliza kama ipo.

Nijibu hadharani, nipumzike. Usafi wa ufukwe, kwa jinsi unavyofanywa siku hizi, nausainia sifuri.

Huwa hivi. Basi linashusha vijana mbele ya hoteli, fulana mpya zote. Hoteli inatoa reki, magunia na soda. Wanakokota majani ya bahari yaliyoletwa na maji usiku, wanayashindilia kwenye magunia, wanapiga picha, wanaondoka. Sehemu kubwa ya walichobeba si taka hata kidogo. Majani yale yakilala mchangani hupunguza nguvu ya wimbi na kuushika mchanga usichukuliwe. Yakioza huwalisha wadudu wadogo, ambao nao ni chakula cha kaa na ndege wa pwani, na kinachobaki hurudi baharini kuwa mbolea. Reki ikipita inaondoka na mchanga pia. Halafu hoteli ile ile inakuja kulalamika kwamba bahari inakula ukuta wake.

Na ndani ya marundo hayo mna mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wanaokiendesha ni wanawake. Wimbi likipiga, vipande hukatika kwenye kamba vikaja nchi kavu. Kina mama hupita wakiviokota, wakavianika, wakaviuza kwa kilo. Sasa kijana aliyetia mwani wa watu kwenye gunia la taka anataka nimsainie kwamba ameihudumia jamii ipi?

Kuna mabaya zaidi. Nimewahi kukuta kikundi kimeng’oa mambo, vile vijiti vinavyoshikilia kamba za mwani, kwa hoja kwamba “vinaharibu mandhari”. Kingine kilitawanya mawe yaliyokandamiza makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa pwani kwa miezi mpaka yalainike, ndipo yatolewe, yapigwe na kusokotwa kamba. Wenyewe wanajua kila fungu ni la nani. Walikuwa wamekaa barazani wanatazama, wakanyamaza kwa heshima ya mgeni, na mgeni akauchukua ukimya ule kuwa shukrani.

“Lakini plastiki je?” Plastiki ipo, sikatai: chupa, ndara, vipande vya nyavu, na taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mbegu za mwani. Iokoteni, kwa mkono. Kisha mniambie gunia linaishia wapi. Jambiani imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye udongo haba na matundu tele. Taka mkizitupa shimoni nyuma ya kijiji, maji ya mvua huzipitia yakashuka mpaka kwenye maji ya visima. Mkizichoma, moshi unaingia jikoni kwa watu. Kuokota ni kazi ya asubuhi moja. Kutafuta gari, kuchambua, kumsaka mnunuzi wa chupa na kuibana halmashauri ya wilaya ndiyo kazi iliyokosa watu, maana haina picha.

Safu ya saa hupima uchovu wako tu. Mimi huuliza nani aliiomba kazi, na nani atapungukiwa usipokuja. Jibu likiwa hoteli, basi hoteli iajiri mfagiaji na imlipe.

Mengine kwa haraka, nafasi inaniishia. Fildi ya hotelini yenye alama: haihesabiki, hayo ni masomo yako. Kuwapitia mayatima na peremende na kamera: hapana, na usirudie. Kufundisha Kiingereza wiki mbili bila hata kuongea na mwalimu wa darasa: hapana. Kumsaidia mwalimu huyo muhula mzima: ndiyo. Kuchangia damu: ndiyo, ingawa safu ya saa itabaki karibu tupu. Wa uhasibu, kiulizeni kikundi cha mwani kama kinataka msaada wa daftari la mauzo. Mabinti mnaojua kuogelea, ninyi ndio hasa mnaotakiwa: bahari imepata joto, na ule mwani wa bei nzuri, kotonii, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi. Watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wameonyesha namna ya kuulima kwenye kina kirefu, lakini wakulima wengi hawajui kuogelea. Mradi wa Panje kule Nungwi umeshafundisha wanawake na wasichana kuogelea, kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Wenye mabega, bebeni mwani mbichi, lakini njooni wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokauka kama saa nne asubuhi. Jumamosi yenu ikiangukia maji mafu, shambani hamtamkuta mtu.

Wanaotoka nje ya nchi: viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea bila malipo. Kibali kwanza, tiketi baadaye.

Fomu isainiwe na kiongozi wa kikundi kilichoiomba kazi, na sheha awe na habari. Muhuri wa hoteli siupokei. Na huyo sheha nendeni mkamwone kabla ya kukodi basi.