Shairi la mwanamke si hati ya kiapo

Yapo mafunzo tunayoyatoa darasani ambayo, mlango wa darasa ukishafungwa, hatuyatumii tena. Mojawapo ni lile la nafsineni. Kila mwalimu wa Kiswahili anayewatayarisha watahiniwa kwa Karatasi ya Tatu ya KCSE hulifundisha: kwamba "mimi" anayenena katika shairi si lazima awe ndiye mtunzi, kwamba malenga anaweza kunena kwa kinywa cha mzee, cha mfungwa, cha mti, hata cha kaburi. Wanafunzi hulikariri na kupata alama zao. Lakini mwanamke apande jukwaani, ashike kipaza sauti na kutamka "mimi", mafunzo hayo husahauliwa papo hapo, na wa kwanza kuyasahau ni sisi tuliosoma.

Nalisema hili kwa kuwa nimekuwa nikihudhuria, na mara nyingine kughani, katika zile jioni za jukwaa huria ambazo zimeenea Nairobi na miji mingine tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Taratibu zake si ngeni kwa vijana wanaousoma ukurasa huu. Anayetaka kughani huandikisha jina mlangoni, hupewa dakika tano au pungufu, kisha huitwa kwa zamu. Hapana mwamuzi wala cheti. Malenga mzoefu huweza kumfuata mwanafunzi anayetetemeka, na wote wawili wakapigiwa makofi yaleyale. Aghalabu lugha ni Kiingereza na Sheng. Kiswahili chenye vina na mizani husikika mara mojamoja, kama mgeni aliyefika mahali pa kazi akiwa amevalia nguo za arusi.

Katika mojawapo ya jioni hizo nilighani shairi kuhusu mke tasa. Nafsineni ni mwanamke aliyekaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto, ambaye mtaani angali anaitwa kwa jina lake la usichana ilhali wenziwe wote wamekuwa mama fulani na mama fulani. Niliposhuka, bwana mmoja mwenye heshima zake alinifuata, akainama kidogo, akaniuliza kwa upole kama nimekwisha kumwona daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilimshukuru kwa huruma yake. Aliyenifuata jukwaani alikuwa kijana wa kiume, naye alighani kwa nafsi ya kwanza habari za jambazi aliyemuua mlinzi wa benki. Sikuona mtu akienda kumwita askari.

Msomaji atacheka, nami nilicheka. Hata hivyo, kicheko hakiondoi swali. Kwa nini kijana yule alihesabiwa kuwa mtunzi, nami nikahesabiwa kuwa mgonjwa?

Sehemu ya jibu imo katika lugha yenyewe. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Mtu aliyeandika "ninampenda" au "amenitupa" hajatwambia lolote kuhusu jinsia yake wala ya amtajaye. Yapo maneno machache yanayofichua, kama vile kuoa na kuolewa, lakini malenga hodari aweza kutunga beti ishirini asiyaguse. Ndiyo maana nyimbo nyingi za taarabu zilizotungwa na wanaume zimeimbwa na wanawake bila kubadilishwa hata silabi moja. Kwenye karatasi nafsineni wa Kiswahili ni mtu tu. Anapopewa mwili jukwaani, msikilizaji hukijaza kile kilichoachwa wazi, na hukijaza kwa mazoea yake.

Nililijaribu jambo hili katika Kidato cha Tatu. Niliandika ubaoni ubeti nilioutunga mwenyewe:

Nimengoja mlangoni, jua hadi likazama,
Na taa i mkononi, macho yangu yamegoma,
Alonambia "amini", hata leo hajasema,
Nitangoja hadi lini, miguu nayo yauma?

Kwanza nilimwita mvulana aughani, kisha nikawauliza wenzake anangoja nini. Wakasema anangoja kazi aliyoahidiwa na mwanasiasa. Mmoja akasema anangoja karo. Baada ya siku mbili nikamwita msichana katika mkondo mwingine wa kidato hichohicho, nikawauliza swali lilelile. Darasa zima likajibu kwa pamoja kwamba anamngoja mume aliyelala nje. Maneno ni yaleyale na taa ni ileile. Mvulana alipewa ulimwengu mzima wa mambo ya kungoja. Msichana akapewa moja.

Sehemu nyingine ya jibu, naona, imo katika yale tunayoyafundisha. Shairi la mwanamke linalojulikana zaidi katika fasihi ya Kiswahili ni utendi alioutunga Mwana Kupona binti Msham mnamo mwaka wa 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Humo nafsineni na mtunzi kweli ni mtu mmoja. Mama anamwambia binti alete wino na karatasi, anampa wasia wa dini na ndoa, anasimulia alivyoishi na babake binti, na anawaalika wanawake wengine wausome. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi: wengine wanauona kuwa ni wasia wa utii mtupu kwa mume, wengine wanasikia ndani yake sauti ya mwanamke anayemfundisha mwanamke mwenzake namna ya kuishi na wenye nguvu. Mimi naelekea upande wa pili, ila hilo ni la siku nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba tumeuchukua utendi huu mmoja, ambao ni wasia halisi wa mama halisi, tukaufanya kielelezo cha kila shairi la mwanamke. Mwanamke akitunga, tunatarajia anatusomea maisha yake.

Lakini upo pia mkondo mwingine, nao haufundishwi sana. Wanawake wa pwani walikuwa na majukwaa yao tangu zamani: vugo katika arusi, na lelemama, ambayo vikundi vyake huko Mombasa vilikuwa vikishindana kwa mavazi na kwa nyimbo. Humo mwimbaji alilindwa na fumbo. Aliimba juu ya kuku, jahazi au embe bivu, na wasikilizaji wakajua kwamba anayehusika atajitambua mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza mwimbaji kama kuku ni wake.

Kisha akaja Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa mnamo mwaka wa 1880 na kufariki mwaka wa 1950. Sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka wa 1928, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Huyu aliimba mbele ya wanaume kwa wanawake, makabwela kwa matajiri, hata katika jumba la Sultani. Miongoni mwa nyimbo zake umo ule wa "Kijiti", unaosimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam na kutoroka kwa mwuaji. Siti hakuwa yule marehemu. Alikuwa msanii aliyelichukua jambo lililokuwa likinong'onwa mitaani akalisimamisha mbele ya watu. Hiyo ndiyo kazi wanayoifanya mabinti zetu katika jukwaa huria leo, na wanastahili kusikilizwa kwa masikio yaleyale.

Tena hapa Kenya pana mfano wa karibu. Mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Sitawa Namwalie aliyapeleka jukwaani mashairi yake ya "Cut Off My Tongue", ambayo yalitolewa kitabuni mwaka uliofuata. Waigizaji kadhaa waligawana maneno ya mtunzi mmoja. "Mimi" wa mwanamke akawa vazi ambalo wengi wanaweza kulivaa, na hadhira haikuhangaika kutafuta nani hasa aliyeteseka.

Jioni moja baada ya maandamano ya Januari 27, 2024, wakati maelfu ya watu walipojitokeza Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, nilimsikia msichana akighani kwa nafsi ya marehemu. Alianza na namna marehemu alivyouchagua mkufu wa kuvaa. Alitaja gharama ya teksi. Hakulia wala hakupaza sauti. Alipomaliza, ukumbi ulikaa kimya kwa muda ambao uliniogofya. Nilitazama kama kutatokea mtu wa kumfuata na kumpa pole. Hakutokea. Wafu hawapandi jukwaani, kwa hiyo kila mtu alilazimika kukubali kwamba huyu aliyesimama hapo ni mtunzi, na kwamba maneno aliyoyasikia yametungwa. Ilinisikitisha kwamba ilibidi nafsineni awe maiti ndipo mtungaji wa kike atambuliwe kuwa mtungaji.

Hapa walimu wenzangu watanipinga, na wana haki. Watasema: je, kama msichana analia kweli? Je, kama shairi ndiyo njia pekee aliyoipata ya kusema anayotendewa nyumbani? Sikatai. Wapo wanafunzi wanaojificha nyuma ya nafsineni kwa sababu hawana mahali pengine pa kujificha, na mwalimu asiyelijua hilo hafai kusimamia chama cha ushairi. Lakini kuna namna ya kuuliza. Mahali pake si mbele ya hadhira, wala si dakika ile anaposhuka jukwaani, wala si katika ofisi ambamo walimu watano wamekaa wakinywa chai. Msichana akiitwa namna hiyo mara moja, shairi lake la pili litahusu maua na mazingira. Mwalimu mwenye busara hulisikiliza shairi kama shairi, halafu siku nyingine, kando, akamuuliza mtoto hali yake, bila kulitaja shairi.

Pana na jambo dogo la saa, ambalo waandalizi wa jioni hizi hawana budi kulitengeneza. Majina huitwa kwa jinsi yalivyoandikishwa, na wanawake wengi hufika wamechelewa, kwa kuwa wametoka kazini wakapitia nyumbani kupika na kulaza watoto. Zamu zao hufika saa nne za usiku. Nimeona wasichana wawili wakifuta majina yao kwa sababu matatu ya mwisho haiwasubiri washairi, na kutembea gizani kutoka kituoni si jambo la kuchukuliwa kwa mzaha. Kuwaita mapema hakugharimu kitu.

Katika chama chetu cha shuleni tumeweka sharti moja tu. Mtu akimaliza kughani, swali la kwanza liulizwe kuhusu shairi, si kuhusu mghani. Muhula uliopita msichana wa Kidato cha Pili alighani beti sita kuhusu sodo: kuhusu binti anayekosa masomo siku nne kila mwezi na kutumia kipande cha godoro, ingawa sheria ya mwaka wa 2017 iliiagiza serikali iwape wanafunzi sodo bila malipo. Wavulana walikuwa wengi ukumbini, nami nilikuwa na wasiwasi. Mmoja wao, aliyeketi nyuma kabisa, aliinua mkono, akasema ukwapi wa mshororo wa pili katika ubeti wa tatu una mizani saba. Msichana akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akakubali, na hapo hapo mbele yetu akaanza kutafuta silabi ya nane.