Kiongozi akifa na nyumba ikagawanyika, mtoto aambiwe nini?

Usiku wa Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, alitokea kwenye televisheni na kutangaza kuwa Rais John Magufuli amefariki dunia kwa maradhi ya moyo katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 61.

Taarifa ilikuwa moja, lakini haikupokewa kwa namna moja. Yupo aliyelia kwa sauti. Yupo aliyekaa kimya. Na yupo aliyeshika simu na kuandika maneno ambayo asingependa mwanawe ayasome.

Katikati yao walikuwapo watoto, wakitazama nyuso za wakubwa.

Kila Machi inaporudi, mjadala huo nao hurudi sebuleni. Magufuli si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Kiongozi mwingine anayependwa na baba na kuchukiwa na mjomba atafariki, na mtoto atauliza: “Alikuwa mzuri au mbaya?”

Machozi na ukimya, vyote vina sababu

Msafara wa mwili wa Magufuli ulipopita Dar es Salaam, wanawake walitandika khanga barabarani. Hawakulazimishwa. Wapo wazazi waliokumbuka Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za msingi na sekondari za Serikali hadi kidato cha nne. Wapo waliomwona kama mtu aliyewabana wala rushwa na kumtetea mnyonge.

Mapenzi hayo yalikuwa na uzito kiasi kwamba Machi 21, katika Uwanja wa Uhuru, watu walisongamana kwenda kumuaga hadi 45 wakapoteza maisha kwa mujibu wa polisi, watoto wakiwamo.

Upande wa pili nao una watu. Juni 2017, Magufuli alitamka kuwa mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi katika shule ya Serikali akiwa yeye madarakani. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021, lakini kuna mabinti ambao miaka yao ya shule ilikuwa imeshapita. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa tangu 2016. Takwimu za corona ziliacha kutolewa mwishoni mwa Aprili 2020, na Januari 2021 alitilia shaka chanjo hadharani. Kwa familia iliyomzika mtu wake kipindi hicho bila kuelezwa vizuri kilichomuua, kulia halikuwa jambo jepesi.

Anayelia si mjinga, na asiyelia si katili. Mtoto akilielewa hilo mapema, atakuwa amepata somo kubwa.

Pole kwanza

Kuna msemo kwamba marehemu hasemwi vibaya. Una hekima yake, lakini mara nyingine hutumika kumziba mdomo aliyeumizwa. Mzazi anaweza kutenganisha mambo mawili: kusema ukweli na kukejeli. Kusema “uamuzi ule uliwaumiza mabinti wengi” ni ukweli. Kucheka kwamba mtu amekufa ni kebehi, na inamfikia mjane, watoto wa marehemu na jirani anayelia ng’ambo ya ukuta.

Dini zetu zina mifano. Katika Biblia, Daudi alimwombolezea Sauli, mfalme aliyekuwa amemwinda ili amuue. Katika hadithi za Mtume Muhammad (S.A.W.), imesimuliwa kuwa alisimama jeneza lilipopita. Alipoambiwa ni la Myahudi, alijibu kwa kuuliza: kwani yeye si nafsi? Daudi hakuhitaji kusema Sauli hakumkosea. Alianza na msiba.

Utaratibu huohuo unafaa nyumbani: pole kwanza, hesabu ya matendo baadaye, kwa sauti ya kawaida. Huruma hiyo imguse pia aliyeumizwa. Kama kuna ndugu ambaye kifo hicho kimemletea ahueni badala ya huzuni, asilazimishwe kulia wala kusimangwa mbele ya watoto. Muulizeni kilichompata, kisha msikilizeni.

Mtoto aambiwe nini?

Mtoto wa chini ya miaka mitano hivi bado haelewi kuwa kifo hakina kurudi. Tumia neno lenyewe: amekufa, au amefariki. Ukimwambia “amelala” au “amesafiri”, anaweza kuogopa kulala, au kuogopa mama anapofunga begi. Mweleze kuwa mwili umeacha kufanya kazi. Kisha mhakikishie kuwa yuko salama na nani atakuwa naye.

Aliye shule ya msingi huuliza kuhusu haki. Usimpe jibu la “mzuri” au “mbaya”. Unaweza kumwambia: “Wapo aliowasaidia, wapo aliowaumiza. Leo familia yake imefiwa, tunawapa pole.” Akitaka mifano, mpe ya kila upande.

Kijana wa sekondari atakuwa ameshasoma mengi mtandaoni. Muulize amesoma nini na yeye anaonaje kabla ya kumpa msimamo wako. Akiwa amesambaza picha ya dhihaka, usianze kwa kufoka. Muulize angejisikiaje kama aliyefariki angekuwa babu yake.

Punguzeni pia saa za televisheni. Picha za jeneza na watu wanaozimia, zikirudiwa siku nzima, humchosha mtoto. Akianza kukojoa kitandani, kukataa kulala peke yake au kung’ang’ania mzazi, mrudishieni ratiba yake ya kula, kucheza na kulala. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, mpelekeni kituo cha afya.

Simu ya mzazi

Mtoto hujifunza zaidi kwa anachoona kuliko anachoambiwa. Akimwona baba akicheka na simu usiku wa msiba, na kesho akiambiwa awe na adabu kwenye msiba wa jirani, atafuata alichoona.

Kabla ya kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mzazi ajiulize kama angeweza kuusoma kwa sauti mbele ya mwanawe, na mbele ya shangazi anayelia. Kama hawezi, aufute. Hoja yake, kama ni ya kweli, itabaki kuwa ya kweli hata baada ya mazishi.

Usiku ule wa Machi, watoto wengi hawakuelewa siasa iliyokuwa ikizungumzwa. Walichoweza kuona ni nani aliyempa pole aliyekuwa analia, na nani aliyemcheka.