Luberizi: programu ikikwama, kosa si la mtandao kila mara

Huko Luberizi, katika bonde la Ruzizi, mtu akifungua programu kwenye simu na kuona kaduara kanazunguka bila mwisho, analaumu mtandao. Mara nyingi ana haki. Lakini kuna siku antena haina kosa lolote: uzito uko ndani ya programu yenyewe, na mwenye kuiandika hajui uko wapi kwa sababu hajapima.

Tutwae mfano wa kituo cha afya. Muuguzi anafungua orodha ya wagonjwa 200. Programu iliyoandikwa vibaya inauliza serva habari za mgonjwa wa kwanza, inangoja jibu, kisha za wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Ni kama kutuma pikipiki Uvira kuleta magunia 200 ya unga, gunia moja kila safari. Kila swali likichukua nusu sekunde, muuguzi anangoja sekunde 100, huku akina mama wenye watoto wa homa wakiwa kwenye mstari. Ofisini Bukavu, penye intaneti ya mbio na orodha ya majaribio ya watu 5, hakuna anayeona kasoro hiyo.

Dawa yake ni chombo kinachoitwa profaila. Programu inapofanya kazi, chombo hiki kinaichungulia mara nyingi kwa sekunde na kuandika iko kwenye sehemu gani. Mwishoni kinaonyesha sehemu gani imekula muda. Kazi hii si mpya: mwaka 1971, Donald Knuth wa Marekani alipima programu za lugha ya FORTRAN, akakuta kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 4 ya maandishi ya programu ndiyo inakula zaidi ya nusu ya muda. Anayebahatisha atapoteza wiki nzima akirekebisha ile 96 nyingine.

Vijana wanaocheza GTA Online wanajua kungoja. Mwaka 2021 mchezaji mmoja, ambaye hakuwa hata na maandishi ya mchezo huo, aliupima kwa profaila. Alikuta unasoma faili moja ya vitu kama 63,000, na kwa kila kitu unahesabu upya urefu wa maandishi yaliyobaki. Kwenye mashine yake, dakika 6 zikashuka chini ya 2. Kampuni ya Rockstar ilikubali rekebisho na kumlipa dola 10,000.

Kwa wanaojifunza programu Bukavu na Uvira, vyombo hivi havina bei. Python inakuja na cProfile. Chrome ina ukurasa wake wa kupima. PostgreSQL inaeleza kila swali limechukua muda gani. Kinachogharimu ni safari: kupima kwa simu ya zamani, kwa orodha halisi, kwa mtandao wa Luberizi wenyewe. Ukisharekebisha sehemu moja, pima tena kabla ya kugusa ya pili.