Mifupa Mepesi Kuvunjika, na Watu Waliosifika Wakiwa Nayo

Alitujia mama mmoja chuoni kwetu hapa Mwembesongo, baada ya sala ya Alasiri, amembeba binti yake wa miaka saba kwa kanga mbili, kama abebwavyo mtoto mchanga. Baada ya salamu akatuambia, "Maalim, nimekuletea mwanafunzi. Lakini mifupa yake ni myepesi. Akianguka huvunjika, akisukumwa huvunjika. Mwaka huu paja lilivunjika alipokuwa akijigeuza kitandani tu." Tukamtazama yule mtoto, kisha tukaitazama baraza yetu iliyojaa vijana wanaopigana vikumbo wakigombea mikeka, tukaingiwa na khofu. Tukamwambia, "Mrudishe nyumbani, mama, atasomea huko huko." Hakubishana nasi. Alimfunga tena mtoto wake taratibu, akaenda zake.

Twakiri kwamba siku ile tulijiona tumefanya jambo la busara.

Khabari za nyumba ile tulikuwa tumezisikia kabla. Wako majirani waliosema kwamba mama yule ana mkono mzito na kwamba mtoto hupigwa. Wengine walisema ni mkono wa mtu, na fedha nyingi zikaishia kwa mganga, na mtoto akachanjwa chale kila palipovunjika. Jambo moja tuliliona kwa macho yetu tukalistaajabia, wala tusijue maana yake: weupe wa macho ya binti yule haukuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya buluu kama samawati iliyofifia.

Aliyetufungua macho ni kijana wetu mmoja aliyesoma Juzuu Amma mbele yetu, naye sasa ni muuguzi. Tulipomsimulia alicheka kidogo kwa huzuni, akasema, "Maalim, hayo macho ya buluu ndiyo alama yenyewe." Akatueleza kwamba ugonjwa huo madaktari huuita osteojenesisi imperfekta, na kwamba katika watoto kama 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, mmoja huwa nao. Mwenye nao huzaliwa nao. Haumbukizi, wala hauletwi na kijicho cha jirani. Ndani ya mfupa kuna kitu kiitwacho kolajini, nacho ni mfano wa fito katika ukuta wa nyumba ya udongo. Udongo waweza kuwa tele, lakini fito zikiwa chache au mbovu, ukuta hubomoka ukiegemewa. Mara nyingi mzazi mmoja huwa nao, na kila mtoto wake huwa na nusu ya bahati ya kuurithi. Mara nyingine mtoto huwa wa kwanza katika ukoo mzima, na hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi. Wengine huvunjika mara chache tu katika umri wao, wengine mara mamia. Meno yaweza kuwa dhaifu, masikio yaweza kupungua nguvu ukubwani. Ama akili, haina khabari na ugonjwa huu kabisa.

Neno hili la mwisho ndilo lililotuuma, tukaanza kuuliza ni nani katika dunia hii aliyekua na mifupa ya namna hiyo akajulikana. Tukawapata wengi kuliko tulivyodhani.

Tuanze na binti wa Kiislamu, Ummul Kher wa India. Alizaliwa katika jimbo la Rajasthan, akahamia Delhi angali mdogo, baba yake akiuza nguo njiani, nao wakikaa katika vibanda vya mafukara. Mamake akafariki. Alipofika darasa la 8, wakubwa wa nyumbani wakasema imetosha, msichana tena kiwete asome nini zaidi? Akatoka, akapanga kibanda chake katika mtaa wa Trilokpuri, akawa akifundisha watoto wa vibarua na mafundi kwa malipo madogo, na kwa malipo hayo akajisomesha. Alivunjika mara 16, akapasuliwa mara 8. Akasoma elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Delhi, akaendelea katika Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, kisha akafanya mtihani wa utumishi wa Serikali wa mwaka 2016, mtihani unaojaribiwa na malaki ya vijana na wanaopita ni kama elfu moja. Matokeo yalipotoka mwaka 2017 alikuwa wa 420, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuujaribu. Alipoulizwa juu ya wazee wake, aliwatetea.

Huko huko India, katika Kerala, alikuwapo Latheesha Ansari, ambaye mwaka 2019 aliingia katika mtihani huo huo na mtungi wa hewa ubavuni, kwa kuwa kifua chake kilikuwa kimedhoofika. Alifariki mwaka 2021. Hakuwa mtumishi wa Serikali, lakini tumemtaja makusudi, maana hatutaki msomaji afikiri kwamba waliofaulu tu ndio waliostahili kufundishwa.

Katika Uingereza alizaliwa Nicky Chapman mwaka 1961, akiwa tayari na mifupa mingi iliyovunjika. Wazazi wake waliambiwa na waganga kwamba mtoto huyu hataona, hatasikia, wala hatakuwa na akili ya kutambulika. Mwaka 2004 aliingia katika Baraza la Malordi juu ya kiti chake cha magurudumu, akawa mjumbe wa baraza hilo mpaka alipofariki mwaka 2009. Huko aliwakumbusha wenziwe hukumu ile aliyokatiwa angali kitandani. Sisi nasi tuliikata hukumu yetu barazani, tena bila ya kumpima mtoto hata kwa alifu.

Na Nabil Shaban, aliyezaliwa Amman katika Jordani mwaka 1953, alipelekwa Uingereza kutibiwa angali mtoto mdogo, akakulia huko. Mwaka 1980, pamoja na Richard Tomlinson, alianzisha Graeae, chama cha michezo ya kuigiza cha watu wenye vilema. Ufaransa nayo ilikuwa na Michel Petrucciani, mpiga piano, aliyeishi tangu 1962 hata 1999, kimo chake kama mita moja tu. Babake alimtengenezea chombo cha kuziwezesha nyayo zake kufika kwenye vikanyagio. Hatumtaji ili kusifu ngoma, tunamtaja baba.

Lakini aliyetutia haya kuliko wote ni Stella Young wa Australia, aliyefariki mwaka 2014. Naye alikuwa mwalimu kama sisi. Siku moja alikuwa akisomesha darasa, na muda mwema ulikuwa umekwisha pita, kijana mmoja akainua mkono akauliza, "Bibi, hotuba yako utaanza saa ngapi?" Hakuweza kufikiri kwamba mtu aliyeketi katika kiti cha magurudumu amekuja kufundisha tu. Stella hakupenda kusifiwa kwa sababu ameamka asubuhi akakumbuka jina lake. Alitaka mlango unaopitika na kazi ya kufanya.

Na sisi tulikuwa na kisa chetu miaka yote. Abdullah bin Masud, Mungu amwie radhi, alipanda mti kukata miswaki, upepo ukafunua miundi yake, wenziwe wakacheka kwa wembamba wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaambia kwamba katika mizani miguu ile ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Tumewasomesha vijana kisa hiki mara nyingi mno, na Milima ya Uluguru tukiwaonyesha kwa kidole ili wajue uzito wa mlima. Siku alipokuja yule mama hatukukikumbuka.

Tukaenda nyumbani kwake kumtaka radhi. Kijana wetu muuguzi tulikwenda naye. Alimweleza mama kwamba dawa ya kuuondoa ugonjwa haijapatikana, walakini ziko dawa za kuipa mifupa nguvu, na ziko fimbo za chuma zinazotiwa ndani ya mfupa ili usipinde, na kwamba madaktari wa mifupa wako Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi. Akamwonyesha pia namna ya kumshika: asinyanyuliwe kwa makwapa, wala asivutwe mkono, mkono mmoja uwe chini ya makalio, wa pili nyuma ya mabega na kichwa. Mtoto mchanga naye asiinuliwe kwa vifundo vya miguu anapobadilishwa nepi. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu: je, anaweza kupewa karatasi ya daktari ya kuwaonyesha majirani?

Karatasi aliipata, akaitundika sebuleni.

Binti sasa husoma barazani, mkeka wake ukiwa ubavuni mwetu, na vijana huingia baada yake, mmoja mmoja. Wakati wa masika mkono wake ulivunjika tena. Hakusukumwa na mtu, alikuwa akiinua ndoo ndogo kwao. Alikaa wiki sita, akarudi akiwa amehifadhi sura mbili kuliko wenziwe. Fundi seremala wa jirani ametuchongea ubao wa kupandishia kiti chake cha magurudumu, na nusu ya malipo yake bado twadaiwa.