Gesi ya Mtwara Haimo Kwenye Mtungi Wako

Mtu anayetaka kufungua banda la nyama choma Mwamapalala, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, huku amechoshwa na magunia ya mkaa, hujikuta na swali hili: nichukue jiko la gesi asilia au la gesi ya mtungi? Wengi hudhani ni gesi ileile; kwamba inayochimbwa Mtwara ndiyo inayojazwa kwenye mitungi ya dukani. Sivyo. Ni za ukoo mmoja, lakini tabia zao ni tofauti, na tabia hizo ndizo zinazoamua jiko gani ununue.

Gesi asilia yetu iligunduliwa Songo Songo, mkoani Lindi, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Karibu yote ni methani. Methani ina ukaidi wake: katika joto letu la kawaida, hata uishindilie vipi, haigeuki kimiminika. Mpaka ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ndiyo maana husafiri kwa bomba. Bomba kubwa la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, na nyumba zilizounganishwa kupikia ziko mikoa kama Mtwara, Lindi na Dar es Salaam. Simiyu bomba hilo halijafika. Yale magari ya Dar yanayotembelea gesi asilia huibeba kwenye mitungi mizito ya shinikizo kubwa mno. Hicho si kifaa cha kuweka pembeni ya wavu wa nyama.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Hizi ni tiifu: ukizishindilia kiasi tu hugeuka kimiminika, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani. Gesi hii huletwa nchini kwa meli. Haitoki Mtwara kwa sababu gesi asilia yetu ni kavu. Propani iliyomo ni haba.

Sasa tuje kwenye jiko. Gesi huingia kwenye moto kupitia kitundu kidogo cha shaba ambacho mafundi hukiita nozeli. Kwa ujazo uleule, propani hutoa joto karibu mara mbili na nusu ya methani, kwa hiyo kitundu cha gesi ya mtungi ni chembamba zaidi. Chukua jiko lililotengenezwa kwa gesi ya bomba, ulifunge kwenye mtungi bila kubadili kitu: moto utaruka mrefu na wa njano, sufuria na nyama vitajaa masizi, na hewa ya sumu isiyo na harufu itatoka kwa wingi. Ukifanya kinyume chake, moto utakuwa hafifu, mbuzi wako ashindwe kuiva. Fundi anayejua kazi hubadili nozeli pamoja na regyuleta. Kutoboa nozeli kwa msumari si ufundi.

Jambo la pili ni ukubwa wa mtungi. Kilo moja ya gesi hii ina nishati ya kilowati-saa 13 hivi. Jiko la kuchomea la kilowati 10, likiwashwa moto wote, hula kama robo tatu ya kilo kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utakwisha kwa saa nane. Wa kilo 15 utakaribia saa 20. Kuna jingine pia: kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto la mtungi wenyewe. Mtungi mdogo unaolisha moto mkubwa hutoa jasho, hupoa, na moto hufifia wakati gesi bado imo. Usiusogeze motoni ili uupashe. Nunua mkubwa.

Usalama nao hutegemea tabia ya gesi. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda darini. Propani ni nzito mara moja na nusu ya hewa, hutambaa sakafuni na kutulia kwenye mashimo ikingoja cheche. Banda lako liwe na upenyo chini ya ukuta, sio dirisha la juu peke yake. Mtungi usimame wima, mbali na moto. Pima maungio kwa povu la sabuni. Kamwe usipime kwa kiberiti.

Na utamu je? Mlaji atasema nyama ya gesi haina ladha ya moshi. Sehemu kubwa ya ladha ile hutokana na mafuta ya nyama yanayodondokea kitu cha moto na kuungua. Chagua jiko lenye bati nene au mawe kati ya moto na wavu, mafuta yadondokee hapo, moshi urudi kwenye nyama. Kwa hili gesi zote mbili ni sawa.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Kwa Mwamapalala ya leo, upande wa gesi, njia ni mtungi, na kwa mchoma nyama ni wa kilo 15 au zaidi. Kabla hujalipa, ligeuze jiko usome kibati cha nyuma. Kikiandikwa LPG, ni la mtungi. Kikiandikwa NG, ni la bomba, liache dukani.